Maarifa ya Nyumbani: Fedha za Watoto na Hundi ya Baba

Katika nyumba nyingi za ukanda wa ziwa, tangu Rumonge hadi Nyanza-Lac, yupo ndugu anayeishi Marekani. Wengi wa ndugu hao ni wakimbizi wa mwaka 1972 au watoto wao, walioishi miaka mingi katika kambi za Tanzania, kisha kuanzia mwaka 2007 wakapokelewa Marekani. Huko wanafanya kazi viwandani, hotelini na katika maghala. Wanalipa kodi, wanasomesha watoto, na kila wawezapo huwakumbuka waliobaki nyumbani. Siku za afya mambo huenda. Ugonjwa ukiingia, huanza hesabu ambazo hata mwenyewe huzielewa kwa shida, seuze ndugu aliye mbali.

Juma hili ukurasa huu unaeleza hesabu moja ya namna hiyo. Ni hesabu ya mfanyakazi aliyepoteza uwezo wa kazi, ambaye ana bima ya ulemavu kutoka kazini kwake, ana haki ya mafao ya ulemavu ya Serikali, na ana watoto ambao nao wana haki ya mafao kwa ajili ya ulemavu wa baba yao. Mtu angedhani kwamba milango miwili ikifunguka, nyumba itapata maradufu. Aghalabu sivyo. Mlango mmoja ukifunguka, wa pili husogezwa hadi ukaribie kufungwa. Asiyelijua jambo hilo mapema huweza kutumia fedha ambazo si zake, kisha akabaki na deni la miaka.

FAMILIA YA MFANO

Ili jambo lieleweke, na itazamwe familia moja ya mfano. Watu wake ni wa kubuni, lakini taratibu na namna ya kukokotoa ni zile zinazotumika Marekani.

Baba Neema alifika Marekani mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 32. Alipata kazi katika ghala moja kubwa, na mshahara wake ulifikia dola 3,500 kwa mwezi. Mkewe hufanya kazi ya usafi hotelini. Wana watoto wawili: Neema, mwenye miaka 15, na mdogo wake wa kiume mwenye miaka 12. Mwishoni mwa Desemba 2023 Baba Neema alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukapooza, ulimi ukawa mzito, na kazini hakurudi tena.

Mwajiri wake alikuwa amewakatia wafanyakazi bima ya ulemavu wa muda mrefu. Baada ya kungoja siku 180 kama mkataba ulivyotaka, kampuni ya bima ilianza kumlipa asilimia 60 ya mshahara, yaani dola 2,100 kila mwezi, kuanzia Julai 2024. Nyumba ikasimama. Katika karatasi nyingi alizotia sahihi kwa mkono wa kushoto, ilikuwamo ahadi moja ambayo hakuna aliyeisoma kwa makini. Ahadi hiyo ilisema kwamba ataomba mafao ya ulemavu ya Serikali, na akiyapata atairudishia kampuni kiasi chote kitakachokuwa kimelipwa zaidi.

Aliomba. Ombi la kwanza likakataliwa, kama yanavyokataliwa maombi mengi. Akatafuta wakili, akakata rufaa, na Septemba 2025 akakubaliwa. Alipangiwa dola 1,400 kwa mwezi, na watoto wake wawili kwa pamoja dola 430. Kwa kuwa haki yake ilihesabiwa tangu Juni 2024, yalikuwapo malimbikizo ya miezi 15, jumla yake dola 27,450. Wakili alilipwa robo yake, dola 6,862.50, na zilizobaki, dola 20,587.50, zikaingia benki.

Siku mbili hazikupita, simu ikalia kutoka Rumonge. Alikuwa mdogo wake aliyerejea kutoka Tanzania pamoja na mama yao.

"Shikamoo kaka. Tumesikia Mungu amekukumbuka. Nyumba ya mama inavuja, na mvua ndizo hizi zinaanza."

"Mwambie mama asihangaike," Baba Neema alijibu polepole. "Bati zitapatikana mwezi huu huu."

Mama Neema, aliyekuwa akiyasikia yote, alingoja simu ikatwe. "Baba Neema, tungoje kwanza. Kampuni ya bima haijasema neno."

"Mama Neema, fedha hizi zimetoka serikalini. Kampuni ina lipi hapo?"

Majuma matatu baadaye barua ya kampuni ikafika. Ilimtaka alipe dola 18,757.50. Tena ilimwarifu kwamba tangu sasa hundi yake ya kila mwezi haitakuwa dola 2,100, bali dola 270.

SERIKALI HAIKATI, KAMPUNI NDIYO INAYOKATA

Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya Marekani ilitiwa sahihi na Rais Franklin Roosevelt Agosti 1935. Wakati huo mafao ya ulemavu hayakuwamo. Yaliingizwa mwaka 1956, katika utawala wa Rais Eisenhower, tena kwa wafanyakazi wenye umri wa miaka 50 hadi 64 peke yao. Mwaka 1958 Bunge liliongeza mafao kwa wategemezi wa mlemavu, na mwaka 1960 sharti la miaka 50 likaondolewa.

Mafao hayo si sadaka. Kila mfanyakazi hukatwa asilimia 6.2 ya mshahara wake kwa ajili ya hifadhi ya uzee, warithi na ulemavu, na mwajiri hulipa kiasi kama hicho. Anayepata mafao hupata haki aliyoichangia kwa jasho lake. Kwa sababu hiyo Serikali haimpunguzii mafao hayo mgonjwa aliye na bima ya kampuni. Hundi ya kampuni haipunguzi hata senti moja.

Kampuni ndiyo inayotazama upande wa pili. Ukiusoma mkataba kwa makini, utaona kwamba haukuahidi kuwa kampuni italipa asilimia 60 ya mshahara kutoka mfukoni mwake siku zote. Uliahidi kwamba mgonjwa atafikia asilimia 60 baada ya kujumlisha mapato mengine yaliyotajwa, na mafao ya Serikali ni la kwanza miongoni mwa hayo. Serikali ikianza kulipa, kampuni hupunguza. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya bima za namna hii ziwe na ada nafuu: kampuni imekwisha hesabu kwamba mzigo mkubwa utabebwa na Serikali.

Bima nyingi zinazotolewa na waajiri wasio wa serikali husimamiwa na sheria ya mwaka 1974 inayohusu mafao ya wafanyakazi. Ikitokea kesi, mahakama hutazama sana maandishi ya mkataba. Hapana budi, basi, neno kwa neno la mkataba lijulikane.

FEDHA ZA MTOTO NI ZA NANI?

Mtoto wa mfanyakazi mlemavu anaweza kupata hadi nusu ya mafao ya mzazi wake. Hulipwa mpaka atimize miaka 18, au mpaka miaka 19 ikiwa bado yuko shule ya sekondari. Zamani hata mwanafunzi wa chuo alikuwa akilipwa, lakini sheria ya mwaka 1981 iliyaondoa mafao hayo hatua kwa hatua. Mke au mume anayemlea mtoto ambaye hajafikia miaka 16 naye anaweza kuwa na haki, ingawa mshahara wa kazi yake huweza kuipunguza au kuiondoa.

Lakini Serikali imeweka kikomo cha familia. Mafao ya mlemavu pamoja na ya wategemezi wake hayawezi kuzidi asilimia 85 ya wastani wa mapato yake ya kazi, kama Serikali inavyoukokotoa, wala hayawezi kuzidi mara moja na nusu ya mafao yake mwenyewe. Kilicho kidogo kati ya viwili hivyo ndicho kinachofuatwa, ila mafao ya mfanyakazi mwenyewe hayaguswi. Baba Neema alianza kazi Marekani akiwa mtu mzima, kwa hiyo miaka yake ya ujana imehesabiwa kuwa haina mapato, na wastani wake ni karibu dola 2,150 kwa mwezi. Asilimia 85 yake ni takriban dola 1,830. Ukitoa dola 1,400 za baba, zinabaki 430, na kila mtoto hupata 215.

Kisheria, fedha hizo ni mali ya mtoto. Mzazi huzipokea kama msimamizi tu. Hana budi kuzitumia kwa chakula, makazi, mavazi na matibabu ya mtoto, na kinachobaki kiwekwe akiba kwa jina la mtoto. Hana budi pia kutunza kumbukumbu za matumizi.

Hata hivyo, mikataba mingi ya bima hutaja kwamba kampuni itapunguza mafao ya mgonjwa mwenyewe pamoja na yale wanayopata mke na watoto kwa sababu ya ulemavu wake. Hapo ndipo penye ugumu. Fedha ambazo baba hana ruhusa ya kuzitumia kwa matakwa yake zinahesabiwa kama zilizoingia mfukoni mwake. Wazazi wamelipinga jambo hili mahakamani mara nyingi. Pale ambapo mkataba umewataja wategemezi waziwazi, mahakama aghalabu zimekubaliana na kampuni, kwa hoja kwamba mafao ya mtoto yametokana na michango na ulemavu wa mzazi. Pale ambapo maneno ya mkataba yana utata, mzazi ana nafasi ya kujitetea.

HESABU YA MWEZI

Kabla ya Serikali kuanza kulipa, ulemavu wa Baba Neema uliiletea nyumba dola 2,100, zote za kampuni. Baada ya Serikali kuanza kulipa, mambo yako hivi:

Mafao ya baba kutoka serikalini: dola 1,400.
Mafao ya watoto wawili: dola 430.
Hundi ya kampuni ya bima: dola 270.
Jumla: dola 2,100.

Jumla haikupanda hata kwa dola moja. Kilichobadilika ni mlipaji. Kama mkataba ungetaja mafao ya mgonjwa peke yake, bila wategemezi, kampuni ingelipa dola 700, na jumla ya nyumba ingekuwa dola 2,530. Neno "wategemezi" ndani ya mkataba limeigharimu familia hii dola 430 kila mwezi, yaani dola 5,160 kwa mwaka.

HESABU YA DENI

Deni lilitoka wapi? Tangu Julai 2024 hadi Agosti 2025, miezi 14, kampuni ililipa dola 2,100 kila mwezi. Serikali ilipokubali haki yake kwa kurudi nyuma, ilionekana kwamba katika miezi hiyo kampuni ilipaswa kulipa dola 270 tu. Imezidisha dola 1,830 kila mwezi. Mara 14, ni dola 25,620. Kampuni nyingi hukubali kutoa katika deni ile ada ya wakili iliyolipwa ili mafao yapatikane. Ukitoa dola 6,862.50, deni linabaki dola 18,757.50.

Sasa na ilinganishwe na zilizoingia benki. Ziliingia dola 20,587.50. Tofauti ni dola 1,830: mafao ya mwezi mmoja tu, Juni 2024, ambao kampuni ilikuwa bado haijaanza kulipa. Katika fedha zote zilizosikika mpaka Rumonge, ongezeko la kweli la nyumba lilikuwa hilo tu.

Tena si hilo pekee. Katika zilizoingia benki, fungu la baba lilikuwa dola 15,750, na la watoto dola 4,837.50. Deni ni la baba peke yake. Hata angetoa fungu lake lote mpaka senti ya mwisho, lingebaki deni la dola 3,007.50. Ndiyo kusema baba anadaiwa na kampuni fedha ambazo Serikali imempa kwa sharti la kuwatunza watoto.

Sheria ya Hifadhi ya Jamii inakataza wadai kuyakamata mafao ya Serikali. Lakini kampuni haina haja ya kuyakamata. Huizuia hundi yake yenyewe. Kama Baba Neema angelitumia malimbikizo yote, kampuni ingeweza kuzuia zile dola 270 kila mwezi kwa muda wa miezi 70, karibu miaka sita.

Bahati ya nyumba hii ilikuwa Mama Neema. Barua ilipofika, zilizokwisha kutumwa nyumbani zilikuwa dola 600 tu. Nyingine alikuwa amezizuia benki, na za watoto alikuwa amezitenga katika akaunti ya peke yake. Walilipa dola 15,000 kwa mkupuo, wakaiandikia kampuni kwamba watoto hawana deni, na wakaomba dola 3,757.50 zilizosalia zikatwe kidogo kidogo. Kampuni ikakubali kukata nusu ya hundi, dola 135 kila mwezi. Kwa miezi 28 nyumba itaishi kwa dola 1,965 badala ya 2,100. Ni shida, lakini ni shida inayobebeka.

JE, INAFAA KUOMBA MAFAO YA SERIKALI?

Msomaji anaweza kuuliza: ikiwa jumla haipandi, kuna haja gani ya kuhangaika na fomu, rufaa na wakili? Haja ipo, tena kubwa.

Kwanza, kutoomba hakusaidii. Mikataba mingi huipa kampuni uwezo wa kukadiria mafao ambayo mgonjwa angeyapata, na kuyakata kabla hayajapatikana, kana kwamba yameingia.

Pili, hundi ya kampuni si ya kuaminika daima. Mikataba mingi humtazama mgonjwa kwa miezi 24 ya kwanza kwa kazi yake mwenyewe: je, aliyekuwa akipakia mizigo anaweza kupakia tena? Baadaye kipimo hubadilika: je, anaweza kazi yoyote, hata ya kukaa kitini? Wengi hupoteza bima zao hapo. Mafao ya Serikali yana kipimo chake na hayasimami kwa sababu kampuni imesimama.

Tatu, baada ya miezi 24 ya haki ya mafao, mlemavu huingizwa katika bima ya afya ya Serikali iitwayo Medicare. Kwa mtu wa kiharusi, dawa na mazoezi ya viungo ni gharama zisizokwisha.

Nne, mafao ya Serikali hupanda kufuatana na bei za vitu. Januari 2025 yalipanda kwa asilimia 2.5, na Januari 2026 kwa asilimia 2.8. Mikataba mingi husema kwamba kampuni ikishakata mara ya kwanza, nyongeza za baadaye haitazigusa. Kwa nyumba ya Baba Neema, nyongeza ya Januari 2026 ni kama dola 51 kwa mwezi, na hiyo ni yao.

Tano, kuna suala la kodi. Hundi ya bima ambayo ada yake ililipwa na mwajiri hutozwa kodi ya mapato. Mafao ya mtoto huhesabiwa kuwa mapato ya mtoto mwenyewe, na mtoto asiye na kipato kingine kwa kawaida hatozwi kodi. Kwa hiyo dola 2,100 zilizotoka mikono miwili huweza kubaki nyingi kuliko 2,100 zilizotoka mkono mmoja.

MALIPO MENGINE YASICHANGANYWE

Yako malipo mawili mengine ambayo watu huyachanganya na haya.

La kwanza ni fidia ya mtu aliyeumia kazini. Huko sheria inageuka: Serikali ndiyo inayokata. Kwa kanuni iliyowekwa mwaka 1965, fidia hiyo pamoja na mafao ya ulemavu ya familia nzima kwa kawaida havitakiwi kuzidi asilimia 80 ya mapato aliyokuwa nayo mfanyakazi kabla ya kuumia. Mahakama Kuu ya Marekani iliikubali kanuni hiyo mwaka 1971. Katika baadhi ya majimbo fidia ndiyo inayopunguzwa, si mafao.

La pili ni msaada wa Serikali kwa wazee, vipofu na walemavu maskini, ulioanza kulipwa Januari 1974. Huo si haki ya michango, ni msaada kwa asiye na kitu, kwa hiyo kila mapato hutazamwa. Hundi ya bima ikiingia, dola 20 za kwanza husamehewa, kisha kila dola hupunguza dola moja ya msaada. Hata mtoto mlemavu aliye chini ya miaka 18 anayepata msaada huo huweza kupunguziwa kwa sababu ya hundi ya bima ya mzazi anayeishi naye. Mwenye kupokea msaada huo hana budi kutoa taarifa mara moja, asije akadaiwa baadaye.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwa mwenye ndugu Marekani, na kwa ndugu mwenyewe akiusoma ukurasa huu, haya ndiyo ya kukumbuka.

1. Mfanyakazi aombe nakala ya mkataba wa bima angali mzima. Atafute mahali panapotaja mapato yatakayopunguzwa, na aangalie kama wategemezi wametajwa.

2. Akiugua, aulize kampuni njia mbili zilizopo. Njia moja ni kupokea hundi kamili huku akitia sahihi ahadi ya kurudisha. Nyingine ni kukubali hundi iliyopunguzwa kwa makadirio. Ya kwanza huleta nafuu leo na deni kesho. Ya pili hukaza mkanda leo, lakini haijengi deni kubwa. Na ombi likikataliwa kabisa, hudai kampuni imrudishie ilichokata.

3. Malimbikizo yakiingia, yasiguswe mpaka kampuni iandike hesabu yake. Mtu asikubali hesabu hiyo bila kuikagua: miezi iwe sahihi, ada ya wakili itolewe, na mafao ya watoto yasikatwe ikiwa mkataba haukuyataja.

4. Fedha za watoto ziwekwe mbali na za baba, zenye daftari lake. Kampuni ikidai kulipwa kutoka humo, mzazi asikubali kabla ya kupata ushauri wa wakili au wa ofisi ya Hifadhi ya Jamii.

5. Mtoto mmoja akitimiza miaka 18, fungu lake huweza kuhamia kwa mdogo wake, na jumla ya familia ikabaki ile ile. Mtoto wa mwisho akitoka, mafao ya watoto hukoma. Hapo familia iiandikie kampuni mara moja na kudai makato ya watoto yaondolewe. Kampuni ni hodari wa kukumbuka kukata. Si wepesi sana wa kukumbuka kurudisha.

6. Mgonjwa asiyeweza kusoma Kiingereza vizuri asione haya kuomba mkalimani. Ofisi za Hifadhi ya Jamii hutoa mkalimani bila malipo, hata wa Kiswahili.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya mgonjwa hupotea upesi zaidi, kwa sababu mwenyewe amelala, na kila anayemtembelea huona hundi kabla ya kuona deni.

Huko Rumonge, zile dola 600 zilitosha bati za upande mmoja wa nyumba, ule uliokuwa ukivuja zaidi. Mdogo wake alipopiga simu tena, Mama Neema ndiye aliyepokea. Alimsomea shemeji yake hesabu yote, mstari kwa mstari, tangu dola 27,450 mpaka dola 1,830. Yule kijana alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Basi shemeji, mwambie kaka apone kwanza. Upande wa pili tutauezeka wenyewe baada ya mavuno."

Ndugu msomaji, habari ikifika kwamba aliye ng'ambo amelipwa, usiulize zimeingia ngapi. Uliza zitabaki ngapi, na katika hizo, za watoto ni zipi.